Mstari wa Tano

"Baba, bahari iko upande wako," mpima macho alisema kwa mara ya nne tangu asubuhi. "Mimi unaniona kila siku."

"Nimeiona, mwanangu. Nzuri sana."

Nzuri sana! Dakika kumi zilizopita alisema hivyo hivyo wakiwa ndani ya handaki. Mpima macho akauma meno, akakamata usukani wa gari la kukodi kwa nguvu, akakata kona nyingine ya barabara ile nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Chini yao bahari ya nchi ya watu ilikuwa ya bluu mpaka inaudhi.

Miaka miwili alikuwa akiipanga safari hii. Ujanani baba yake alikuwa mpishi wa meli, na pwani hii aliipita mara saba bila kuikanyaga, akiichungulia kwenye kidirisha cha jikoni huku mkono mmoja unakoroga sufuria. Bintiye alikua akisimuliwa nyumba za rangi zilizopandana mlimani kama zinagombea kuona maji. Basi daktari aliposema macho ya mzee yanafifia, binti akaapa kwamba kabla hayajazimika, baba ataziona nyumba zile akiwa nchi kavu, hana chungu kinachomngoja. Miwani ya safari akamtengenezea mwenyewe dukani kwake, vioo akavisugua kwa mkono wake. Na miwani yenyewe iko wapi? Mfukoni mwa shati. Mzee kageuza shingo, anamkodolea dereva.

"Mama, pale ulitakiwa ukate kushoto," alisema binti yake wa miaka kumi na mitano kutoka kiti cha nyuma, ramani ikiwa kwenye simu.

"Sasa hivi ndiyo unasema?"

"Nilisema. Ulikuwa unagombana na Babu."

"Sigombani na mtu mimi!"

Wakarudi kinyumenyume, lori nyuma yao likipiga honi, na babu akasema hata lori lenyewe zuri. Mjukuu akaangua kicheko. Mama yake alitamani kulia.

Walipofika kwenye uwanja wa kutazamia mandhari, alizima gari, akazunguka, akafungua mlango wa mzee kwa fujo.

"Shuka, Baba. Vaa miwani."

"Baadaye."

"Baadaye ya lini? Nimefunga duka wiki mbili! Vaa!"

Mzee akavaa. Akasimama ameshika ukingo wa chuma, na ng'ambo ya ghuba nyumba zilikuwa pale pale, nyekundu, njano, kijani, kama alivyozisimulia.

"Unaziona?"

"Naziona."

"Zina rangi gani?"

"Zile zile."

Jibu hilo likammaliza. "Haya, nisomee kibao kile, kile kikubwa pale mbele."

Mzee akakohoa, akanyoosha mgongo. "K, D, R, H," akasema bila kusita. "T. Halafu Z."

"Babu!" mjukuu akacheka. "Kile hakina herufi. Wamechora kamera tu."

Mpima macho hakucheka. Herufi zile alizisikia kila siku ya kazi. Ulikuwa mstari wa tano wa kibao cha kupimia macho dukani kwake. Miaka minne mzee alishinda kwenye benchi la mlangoni akipiga soga na wateja, na mteja mmoja baada ya mwingine aliusoma mstari ule kwa sauti mbele yake. Siku ya kumpima, hakumbadilishia kibao. Nani anambadilishia kibao baba yake?

"Tangu lini, Baba?"

"Zamani kidogo. Kabla hujanipima."

"Ukanidanganya!"

"Nilipofika mstari wa tano ulipiga makofi, mama. Ukaita na majirani. Ningeanzia wapi kukwambia?"

"Ungesema! Tungekuja mwaka ule ule! Nisingekaa napanga, napanga..." Akalipiga teke tairi, akaumia kidole, akalipiga tena. Alikuwa na hasira na mzee, na kibao, na zaidi na yeye mwenyewe, mpima macho mzima aliyepitwa na jicho lililokuwa likila naye chakula cha jioni.

Mjukuu aliweka simu mfukoni.

Kisha mpima macho akavuta pumzi, akasimama mbele ya baba yake hatua tatu, akiipa bahari mgongo.

"Funika jicho la kushoto," akasema kwa sauti ya kazini. "Unaona nini?"

"Weupe tu."

"Funika la kulia."

Mzee akabadilisha kiganja. Akakaza jicho kwa muda mrefu.

"Hapo ulipo, sioni kitu," akasema. "Ndani ya gari nilikuwa nakuona."

Mpima macho akamsogelea.