Mita Ambayo Haikutajwa

Niliporudi Rumonge kutoka ukimbizini Tanzania, chefu wa mtaa alitutangazia: "Nyumba ikae mia na hamsini kutoka ziwani." Akaishia hapo. Mimi kule nilizoea kujenga kwa futi, basi nikapima futi mia na hamsini. Marehemu mke wangu Eliana ndiye aliyesomba udongo.

Leo chefu amekuja na rangi nyekundu, akapiga msalaba ukutani.

"Bomoa, mzee. Hii haifiki hata mita hamsini!"

"Ulisema mita siku gani, chefu?"

"Hata mutoto anajua. Hapa si kambini!"

Majirani wakacheka. Mkubwa kasahau neno moja, nalipa mimi.

Nyuma yangu iko barabara, hakuna pa kusogea. Nimepanda juu kung'oa bati mwenyewe, nikianzia chumba alichofia Eliana.