Kibandiko cha Saa Mbili

Jicho la kushoto la mdogo wangu ni zuri kwa sura, lakini kazini ni vivu. La kulia ndilo hufanya kila kitu, ndiyo maana ukimrushia mpira yeye hudaka hewa. Daktari aliagiza la kulia lifunikwe kwa kibandiko kwa muda wa saa mbili kila siku, ili la kushoto lijifunze kuona angali mdogo. Mimi, niliyerudi likizo kutoka bweni, nikateuliwa msimamizi.

Siku ya tatu alisoma maandishi madogo ya kopo la dawa bila kusita. Nikamsogelea. Kibandiko kilikuwa kushoto!

“Wewe! Umekihamisha?”

“Kaka, hilo jingine linanichosha.”

Hila hiyo niliiheshimu, ila nilikirudisha kulia. Kisha nikabandika ukutani karatasi yenye herufi kubwa.

“Hapo pana siri yako. Isome kwa jicho hilohilo.”

Alinuna, akakodoa, akasoma. Kila siku nilipunguza ukubwa wa herufi na kuongeza uchokozi. Baada ya wiki kadhaa nyumba ilitikisika.

“Mama! Kaka ameandika eti nakoroma kama trekta!”

Niliadhibiwa kuosha vyombo vyote. Niliviosha kwa fahari kuu, kwani herufi zile zilikuwa ndogo kuliko ukucha wangu.