Wa Mwisho Kusema

Majarida ya udaktari yalifika Maskati miezi mingi baada ya kuchapwa, yamevimba kwa unyevu wa melini. Sleyum, mwanafunzi asiyeishiwa mzaha, aliyapitishia moshi wa udi kabla hayajafunguliwa, ati mgeni hakaribishwi akinuka safari.

Kila Alkhamisi baada ya alasiri, Daktari Mahfoudha aliwakusanya wanafunzi wake kwenye baraza ya juu ya hospitali ile ndogo. Mmoja alisoma makala, wenzake wakaihoji. Kuihoji lilikuwa jina tu. Kwa adabu walizolelewa nazo, walimsubiri mkubwa aseme, kisha wakayarudia yaleyale kwa maneno mengine. Mahfoudha aliipenda heshima hiyo. Ilimrudisha Unguja, alikoondoka mwaka wa mapinduzi, miaka mitano nyuma.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Muhsina. Wodini chini alilala Bakhita, mtoto wa miaka miwili, kuharisha kumemkausha hata machozi. Chupa ya dripu iliyoning'inia juu yake ilikuwa ya mwisho, na meli ya dawa haijaonekana. Mahfoudha alikuwa ameamuru mtoto asipewe chochote kinywani, matumbo yapumzike. Kheiria, mama yake, alimlowesha midomo kwa ncha ya leso.

Muhsina alisoma kwa sauti ya chini. Wagonjwa wa kipindupindu walikuwa wamenyweshwa maji yenye sukari na chumvi, na miili yao ikayashika. Joto lilitetemeka juu ya majabali, sauti ikaenda mbali, na Mahfoudha akaisikia mvua. Mvua ya Unguja, ikishuka michirizini na kujaza mapipa uani. Alikinga viganja anywe, mkono ukamzuia. Alipoutazama, ulikuwa mkono wake mwenyewe.

Akazinduka. Wote walikuwa wakimtazama.

"Mnaonaje?" akauliza.

"Tunakusikiliza wewe, Bi Daktari," alisema Sleyum.

"Wale walikuwa watu wazima. Sisi tuna mtoto."

"Kweli kabisa."

"Kweli, Bi Daktari," akasema Muhsina, akalifunga jarida. Lakini kidole chake kilibaki ndani, kimeushika ukurasa.

Mahfoudha alikitazama kidole kile.

"Makala hii umeichagua kwa sababu gani, mwanangu?"

"Kwa sababu ya Bakhita."

"Umeisoma lini?"

"Jana."

"Toka jana! Mbona hukunambia?"

Muhsina aliinamisha kichwa. "Nnakuheshimu, bibie."

Tusi lisingemuuma hivyo. Mahfoudha aliona aibu, kisha hofu, maana aliufikiria usiku mzima ambao mtoto alilala na kiu huku jibu limekaa kimya mezani, likingoja ruhusa yake.

"Leo miye nasema mwisho," akasema. "Anza wewe. Na nisisikie mtu ananikubalia."

Mwanzoni maneno yalimtoka Muhsina kwa kusitasita. Sleyum akampinga: mtoto akitapika, akapaliwa, je? Apewe kidogo kidogo, akajibu Muhsina. Na chupa ikiisha kabla ya meli, yeye Sleyum atampa nini, udi? Wakacheka, wakakasirika, wakakatizana maneno. Kahawa ilipoa bila kuguswa. Mahfoudha alisikiliza kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani na kukuta vyumba asivyovijua.

Hatimaye wakamgeukia.

"Miye nnaogopa," alisema. "Tushuke."

Wodini, Muhsina alichanganya maji, sukari na chumvi. Mahfoudha akampakata Bakhita, akachota kijiko na kukipeleka mdomoni kwa haraka ya mtu aliyechelewa.

"Polepole, Bi Daktari. Mngoje ameze."

Kheiria alishtuka kusikia binti yule akimwamrisha mkubwa wake. Mahfoudha akangoja. Ndani ya chupa iliyoning'inia tone lilianguka, na jingine likakawia. Kisha koo la mtoto likacheza, mara moja, na mdomo ukabaki wazi, ukingoja kingine.

Mahfoudha alichota kijiko cha pili. Kabla hajakiinua, alimtazama Muhsina, akasubiri aambiwe.