Nyota Iliyolijua Kovu

Mnajimu alipanga chumba juu ya duka la viatu, na hata nyota zingesomwa kwa utulivu gani, harufu ya gundi na ngozi mpya ilipanda ngazi bila kukaribishwa. Hamira hakuijali. Yeye mwenyewe alinuka mkate kuanzia nywele hadi ndala, kwa hiyo hakuwa na la kusema kuhusu harufu za watu.

Hamira ndilo jina alilopewa na wenzake kwenye kiwanda cha mikate, kwa sababu alikuwa mzito wa kuumuka, ila akiumuka, wewe jitafutie pa kukaa. Zamani jina hilo lilimchoma. Alijiona ameumbwa vibaya: hachangamkii wateja, maneno matamu hayajui, akiudhiwa hununa kutwa. Mumewe, siku anafunga mizigo, alimwambia kwamba kuishi naye ni kama kuishi na kabati, tena lile ambalo ufunguo wake umepotea. Hamira alitembea na neno hilo kama kijiwe ndani ya kiatu, na hakuna aliyemwona akichechemea ila Pambo.

Pambo alikuwa mpambaji wa keki na rafiki yake wa kufa na kuzikana. Ndiye aliyemshauri, mfuko wa krimu mkononi: "Mwenzangu, nenda kwa yule mama wa nyota. Mimi simjui, nasikia tu. Lakini nasikia anamsoma mtu mpaka kwenye mifupa."

Akaenda. Mnajimu, mama mnene mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi, aliuliza tarehe ya kuzaliwa, akachora duara, akaligawa vipande kama keki ya harusi.

"Nyota yako ni Kaa, mwanangu. Una gamba. Watu wanagonga gamba wanasema humu hamna mtu. Na wewe ukawaamini."

Hamira alilia palepale, mbele ya mtu ambaye hata jina lake hakulijua. Tangu hapo akawa mtu wa kupanda zile ngazi. Kimya chake, aliambiwa, si kiburi. Ni mlango unaofunguka polepole. Kuweka maudhi moyoni si roho mbaya. Ni kwamba kwake hakuna kinachopita juu juu. Taratibu akaanza kujitazama kwenye kioo bila kujikaripia. Kazini walipomchokoza, "Hamira, leo umeumuka?" alijibu, "Mimi Kaa. Sogea hapa nikubane." Watu wakacheka, naye akacheka nao. Kabati likapata hewa.

Sasa siku hii alipanda na jambo zito. Mkuu wa tanuri, mzee aliyemfundisha kazi, mgongo ulikuwa umemshinda na anastaafu. Bosi alimwita Hamira asubuhi: kiti ni chako ukikitaka, usipokitaka nampa Pambo, nataka jibu kabla hatujafunga. Hamira alikitaka mpaka viganja vikamuwasha. Alichofuata kwa mnajimu ni kusikia tu kwamba mtu kama yeye anaruhusiwa kutaka.

Mnajimu alilitazama duara kwa muda.

"Kaa hakai mbele," alisema. "Ukikaa mbele, wataliona gamba, wewe hawatakuona. Halafu naona moto. Ulikuwa mtoto. Nyumba inaungua, ukamtoa mdogo wako, mkono ukakubabuka hapa." Kidole chake kilitua kwenye kovu la Hamira, juu kidogo ya kifundo cha mkono. "Aliyeungua kwa ajili ya wengine, nyota hazimrudishi kwenye moto. Mwachie mwenzio."

Hamira alilitazama kovu. Kisha akacheka, kicheko kikavu kisichomfurahisha hata yeye.

Maana kovu lile lilikuwa la jamu. Utotoni alitumbukiza mkono kwenye sufuria ya jamu inayochemka, kwa uroho tu, na huyo mdogo wake anayedaiwa kuokolewa ndiye aliyekimbia kwenda kumsemea kwa mama. Nyumba haikuungua hata pazia. Habari ya moto aliitunga mwenyewe, wiki yake ya kwanza kazini, Pambo alipouliza kovu ni la nini naye akaona aibu kusema jamu. Alimwambia Pambo peke yake. Na leo nyota, kutoka huko juu kote, zimeona jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Mama," aliuliza, "Pambo ni nani wako?"

Mnajimu alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni. "Mwanangu, nyota huwa—"

"Nyota ziache zipumzike. Nimeuliza Pambo."

"Mtoto wa dada yangu," alisema mnajimu, na sauti yake ikawa ya mama yeyote tu aliyekaa juu ya duka la viatu.

Kiwandani, Pambo alikuwa mezani, anapanga mawaridi ya krimu kwenye keki.

"Umerudi? Nyota zinasemaje?"

"Zinasema nilimwokoa mdogo wangu kwenye moto."

"Si ndivyo iliv—" Mkono ukamsimama. Krimu ikaendelea kutoka, waridi likawa donge.

"Haukuwa moto, Pambo. Ilikuwa jamu. Niliiba jamu."

Siku nyingine wangecheka mpaka washikilie meza. Pambo alimtazama kama aliyeporwa. "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unanidanganya?"

"Ndiyo. Na leo ndiyo faida yake."

Mashine ya kukandia ilikuwa ikinguruma upande wa pili.

"Ungeniambia unakitaka hicho kiti," Hamira alisema.

"Ungenipa."

"Huenda."

"Ndiyo hiyo sasa. Nimechoka kupewa na wewe. Mimi naomba, natabasamu, napamba. Wewe umekaa kona umenuna, wanakuja kukuita."

Hamira alibaki na swali moja, akaliuliza. "Na yale mengine? Gamba. Mlango unaofunguka polepole. Yalikuwa ya nani?"

Pambo aliinamisha macho kwenye keki. "Mama mdogo hawezi kutunga hivyo. Nilimpa mimi. Hayo ya mwanzo, kabla ya mambo ya kiti. Nilikuona unavyojichukia, Hamira. Ningekuambia mimi, ungesema nakutania. Nikaona zikisema nyota utasikia."

"Bora ungekuwa umeyatunga yote kwa ubaya," Hamira alisema. "Ningejua pa kuyatupa."

Alikwenda kwa bosi akasema nakitaka, maneno hayohayo, bila kupiga kona. Kisha akafungua mlango wa tanuri, akarusha unga kidogo ndani kupima joto, akasubiri ubadilike rangi. Alisubiri pia lile neno la kabati lije kumzomea, kama kawaida yake kila alipoumia. Halikuja. Palipokuwa pake palikuwa na mlango unaofunguka polepole, na mlango huo sasa ulikuwa na sauti ya Pambo.

Unga ukawa kahawia. Hamira akafunga tanuri, akarudi mezani.

"Hilo waridi limeharibika," alisema. "Lirudie."

Pambo alichukua kisu, akalikwangua lile donge, akalipangusia pembeni ya bakuli.

"Sawa, mkuu," alijibu.