Upande wa Kulia

Mafundi wawili walifika saa tatu asubuhi, Jumanne ya pili ya Machi 2017, wakiwa na toroli la matofali, mfuko wa saruji na barua. Clémentine alikuwa amekaa kwenye ngazi za mbele akimsuka mteja, na alikuwa amefika nusu ya kichwa. Fundi mkubwa alimsalimia, akampa barua, akasubiri aisome. Barua ilisema kwamba kwa sababu za usalama dirisha la ubavuni la chumba cha mkono wa kulia lingezibwa siku hiyo. Clémentine aliikunja, akaikalia, akaendelea kusuka.

Nyumba yenyewe iko Doornfontein, Afrika Kusini, chini ya kilima cha Hillbrow, imebanwa kati ya gereji na ghala la viatu. Aliijenga mhandisi Mmarekani aliyefuata dhahabu wakati jiji lilikuwa bado la mahema, na alitaka ifanane na nyumba za mji wa kwao: ghorofa mbili za matofali mekundu, mlango mweupe katikati, juu ya mlango kioo cha nusu duara kilichogawanywa kama upepeo uliofunguliwa, madirisha mawili kila upande, na bomba moja la moshi kila mwisho wa paa. Matofali yamelazwa moja kwa ubavu, moja kwa kichwa, kutoka chini mpaka juu. Ukisimama barabarani ukaikata nyumba katikati kwa jicho, nusu moja ni sawa na nyingine mpaka upana wa saruji.

Sheria ya majengo ya zamani inailinda sura yake ya mbele. Kila mwaka huja mtu mwenye futi na kamera, akaipima, akaandika kwamba iko katika hali njema. Madirisha ya mbele hayafunguki. Kampuni iliyoinunua, yenye ofisi zake Midrand, ilikataza mtu yeyote kuyagusa kwa kuwa vioo vyake ni vya asili. Hewa ya vyumba vya chini ilikuwa inaingia kwa madirisha ya ubavuni, ambayo hayaonekani kutoka barabarani na hakuna sheria inayoyataja.

Chumba cha upande wa kulia alikaa Clémentine, mtu wa Bukavu, pamoja na mumewe Pacifique, aliyekuwa mlinzi kwenye ghala moja huko Midrand, na binti yao Gaëlle wa miaka mitano. Chumba cha kushoto alikaa Hedwiga, Mtanzania wa Mahenge, mjane wa Vusumuzi. Huyo Vusumuzi alikuwa mkimbizi wa siasa kutoka Afrika Kusini. Walioana Morogoro, na Hedwiga akafuatana naye mwaka 1992 wakimbizi waliporuhusiwa kurudi kwao.

Mafundi walimaliza saa sita. Walizunguka nyumba kwenda kuosha miko kwenye bomba la upande wa kushoto, wakakuta dirisha la Hedwiga nalo limezibwa. Matofali yalikuwa yale yale na saruji ilikuwa bado mbichi. Kwenye tofali la tatu kutoka chini palikuwa na alama ya kidole gumba, mahali pale pale alipobonyeza fundi mdogo upande wa pili. Fundi mkubwa aliuliza nani kaifanya kazi hiyo. Hedwiga alimjibu kuwa ni nyumba. Fundi akasema sawa, akaomba maji ya kunywa.

Brighton, msimamizi wa kampuni, alipita alasiri. Aliangalia upande mmoja, akaangalia upande wa pili, akaandika kwenye simu yake kwamba madirisha mawili yamezibwa. Kabla ya kuondoka aliwauliza wanawake hao kwa upole kama bado hawajapata mahali pengine pa kukaa.

Jioni hiyo Hedwiga alimweleza Clémentine jinsi nyumba ilivyo. Haikubali pande zake mbili zitofautiane. Mwaka 1996 Vusumuzi alipigilia rafu ukutani kwao, na asubuhi yake watu wa kulia waliamka wana rafu. Mpangaji wa kulia alipovunja kigae cha sakafu, cha kwao kilipasuka mahali pale pale. Vusumuzi, aliyejifunza uchoraji wa majengo ukimbizini, aliwahi kusema kwamba yule Mmarekani aliwafukuza waashi watatu mmoja baada ya mwingine kwa tofauti ya upana wa kidole, mpaka nyumba yenyewe ikaelewa inatakiwa nini. Clémentine alisikiliza. Aliona kuwa ni jambo la maana kulijua, akamwonya Gaëlle asichore ukutani.

Pacifique alianza kukohoa kabla mwezi haujaisha. Mwezi wa Mei alikwenda zahanati, akapigwa picha ya kifua, akaambiwa mapafu yake ni safi, akapewa dawa ya maji. Aliendelea kwenda zamu. Kikohozi kilikuja mara tatu tatu, na cha tatu kilimalizikia na mluzi mdogo. Upande wa pili wa korido Hedwiga alikuwa akikisikia, na akikisikia alikuwa anaacha alichokuwa anafanya.

Siku moja katikati ya Juni alileta bakuli la uji, akaliweka mezani, akakaa bila kukaribishwa.

"Mama Gaëlle, nilikwambia mume wangu alifia hospitali. Hakufia hospitali. Alifia chumbani kwangu, kwenye ile kona ya kitanda. Alikohoa hivi hivi, mara tatu tatu, na zahanati walisema kifua chake ni safi."

Clémentine alitazama kona ya kwake. Kitanda kilikuwa hapo kwa sababu ndipo mahali pekee kinapoenea.

"Na wakati ulikuja kutuita tukae hapa, ulijua?"

"Nilijua."

Hedwiga alieleza yote bila kujitetea. Vusumuzi alikufa mwaka 2011. Vijana wawili waliokuwa wanaishi kulia walihama mwezi ule ule, na chumba kikakaa kitupu. Chumba kikiwa kitupu upande mmoja, nyumba huanza kuufanya mtupu na upande wa pili. Vilianza kwenda vijiko, kisha mazulia, kisha kabati zima na nguo za marehemu zikiwa ndani. Baadaye asubuhi moja aliamka hana kidole kidogo cha mguu. Hapakuwa na damu wala maumivu, ngozi ilikuwa laini kama vile hakikuwahi kuwepo. Wapangaji waliokuja baadaye hawakumaliza mwaka, na kila walipoondoka alipungukiwa. Mwaka 2015 alikuwa amebakiwa na vidole sita vya miguu. Ndipo akasikia kwamba kwenye kanisa la Wakongo kule Yeoville kuna familia inalala ukumbini, wametoka Soweto baada ya duka lao dogo la mtaani, spaza, kuvunjwa na waliokuwa wakishambulia wageni mwezi wa Januari. Aliambiwa ni baba, mama na mtoto. Alivaa viatu akaenda kuwaambia kuna chumba. Wiki waliyohamia vidole vyake vilirudi vyote, kimoja kikiwa na kucha ndefu kidogo.

Clémentine aliuliza: "Alikohoa miezi ngapi?"

"Mitano."

Pacifique alikuwa anakaribia mwezi wa tatu. Clémentine alisimama, akaanza kukunja blanketi.

"Tunahamia kwako," alisema.

Hedwiga alikwisha kusogeza kitanda chake ukutani. Upande wa kushoto ulikuwa umeshapata kifo chake, wa kulia bado haujapata chake, na wanawake wote wawili waliona kuwa hapo Pacifique hatahitajika. Walihama kabla jua halijazama. Pacifique alirudi kutoka kazini akaelezwa, akatikisa kichwa, akauliza viatu vyake vya zamu viko wapi.

Siku ya nne kikohozi kilikata. Pacifique alisema ni ile dawa ya maji. Clémentine hakumsemesha Hedwiga kwa siku tisa, ingawa walilala hatua mbili tu kati yao na usiku kila mmoja alimsikia mwenzake akijigeuza. Siku ya kumi alimwomba chumvi.

Chumba cha kulia kilikuwa sasa kitupu, na cha kushoto kikaanza kupungua kama ilivyotarajiwa. Birika lilikwenda kwanza. Vikafuata viti viwili, kalenda ya ukutani, na sanduku la uzi wa kusukia, hata Clémentine akawa anawaomba wateja waje na uzi wao. Hedwiga alipoteza kidole cha mguu, akasema si neno, ameshazoea. Jumatatu ya pili ya Julai Gaëlle aliamka hana kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Alimwonyesha mama yake mkono, akauliza kama bado atatakiwa kuandika shuleni, maana anaandikia mkono ule. Mama yake alimvalisha glavu, kwa kuwa ilikuwa baridi na hakuna ambaye angeuliza, akamsindikiza mpaka robot ya pili, zile taa za kuongoza magari.

Kutoka hapo alipanda Hillbrow kutafuta chumba. Aliingia majengo manne. Kila mlangoni waliomba karatasi ya mtu ya kukaa nchini isiyopungua mwaka mmoja, na yake ilikuwa ya miezi sita, imebaki miwili. Mlinzi wa jengo la nne, Mrundi, alimwambia kwa Kiswahili cha kwao kwamba anamsikitikia, lakini yeye mwenyewe analala kwenye lifti iliyoharibika.

Alhamisi alikwenda Yeoville. Kanisani mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, na ndani watu walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao, wengi wamefika wiki ile. Clémentine alisimama mlangoni. Aliwaona wanaume watatu. Mmoja alikuwa mzee, mmoja alikuwa akimlisha mtoto biskuti kipande kwa kipande, mmoja alikuwa amelala ameziba uso kwa kofia. Aliwatazama mmoja mmoja, kwa makini, kama mtu anayechagua. Mke wa mchungaji alimwona, akamuuliza kama ana habari ya chumba chochote, hata kidogo. Clémentine alisema hana. Alirudi Doornfontein kwa miguu.

Alipofika alimwambia Hedwiga alikokwenda na alichofanya. Hedwiga alimmiminia chai kwenye kikombe cha mwisho.

"Wewe ni mtu kuliko mimi," alisema Hedwiga.

"Kesho sijui," alijibu Clémentine.

Hakukuwa na haja ya kujua, kwa sababu kesho yake Brighton alikuja na gari dogo la mizigo. Kampuni ilikuwa imepata habari kwamba chumba cha kulia ni kitupu, na haikutaka kivamiwe, kwa hiyo ilikuwa imeajiri mlinzi wa kulala humo. Mlinzi aliitwa Seif, kijana wa Tanga wa miaka ishirini na saba hivi, mwenye godoro jembamba na begi moja. Alimwamkia Hedwiga shikamoo, akamsalimia Clémentine, akaingia kukitazama chumba. Walimsikia akizunguka ndani taratibu. Walimsikia akikokota godoro mpaka kwenye kona.

Gaëlle alirudi shuleni saa nane. Alivua glavu mezani ili ale, na kidole kilikuwepo. Mama yake alikishika, akakikunja, akakikunjua, akamwambia anawe mikono. Kisha alivuka korido akagonga mlango wa kulia.

Seif alikuwa anapigilia msumari wa kutundikia koti. Clémentine alimwomba aache kwanza, akamweleza yote akiwa amesimama: mhandisi, madirisha, mume wa Hedwiga, kikohozi cha mara tatu, kona. Hakuficha kidole cha mwanawe. Alimwambia kwamba wao wanaofaidika na kukaa kwake ndio wanaomwambia aondoke. Seif alisikiliza mpaka mwisho, nyundo ikiwa mkononi. Aliuliza swali moja.

"Kuanzia mtu anapoanza kukohoa, inachukua muda gani?"

"Miezi mitano."

"Mkataba wangu ni wa miezi mitatu, dada," alisema Seif, kwa sauti ya kumtuliza. Alieleza kwamba alikokuwa analala, chini ya daraja kule mjini, wamekufa wanne tangu baridi ianze, na wale hawakujulishwa kitu na mtu. Hapa angalau kuna paa na mlango una ufunguo. Alimshukuru kwa kumwambia. Alimwomba, kama hatajali, amwazime ufagio.

Clémentine alimletea ufagio.

Seif alianza kukohoa mwanzoni mwa Agosti. Wanawake wawili walimpikia uji wa tangawizi, na mara mbili Clémentine alimkumbusha kwamba anaweza kuondoka, naye mara mbili alijibu kwamba zimebaki wiki chache tu. Mwezi wa Septemba alikuja yule mtu wa futi na kamera. Alisimama barabarani muda mrefu, akapima kutoka katikati ya mlango kwenda kushoto, kisha kutoka katikati kwenda kulia, akatabasamu. Alimwambia Brighton kwamba hajaona jijini jengo lililotunzwa vizuri namna hii.

Katikati ya Oktoba kampuni, ikiwa imeridhika na ripoti, ilimwongezea Seif mkataba wa miezi mitatu mingine, mpaka katikati ya Januari. Alipopata barua hakungoja jioni. Alivuka korido akiwa bado na sare, akakohoa mara tatu mlangoni, akagonga, akawaonyesha muhuri. Clémentine alimwambia pole, kisha akajirekebisha, akamwambia hongera.