Ukurasa wa Mama

Jumatatu asubuhi mtunza picha alivuta droo ya nyaraka akamkuta mama yake amelala chali, upana wa kiganja, hana rangi ila nyeusi na nyeupe, kona moja imekunjika. Akamwamkia. Mama akaitikia marahaba, akasema alikuwa anabandika maji ya chai, mara akajikuta humo.

Mkuu wa idara hakuhitaji hata kuvaa miwani kuliona kosa. Ijumaa binti huyu mtunza picha alikuwa ameingiza picha ya zamani ya mama yake kwenye kompyuta, ambamo kila picha na kila mtu ana ukurasa wake, na kwa haraka ya kuwahi kutoka, sifa zote za picha akaziweka kwenye ukurasa wa mama.

"Picha ni kitu, mama ni kitu kingine," mkuu alimwambia. "Picha inamwonyesha mama, basi. Hiyo ndiyo taarifa inayowaunganisha. Zilizobaki zirudishe kwenye ukurasa wa picha."

Binti akaanza kuzihamisha. Alipoondoa rangi, gauni la mama likarudi kijani. Alipoondoa vipimo, mama akashuka kutoka kwenye droo akinyoosha kiuno. Alipoondoa mmiliki, yaani ofisi, mama akawa huru kwenda zake. Lakini chini ya jina lake ukurasa ulibaki mtupu, na mama naye akaanza kufifia, hata ukuta ukaonekana kupitia kifuani.

"Mwandikie za kwake," mkuu akasema.

Binti akaandika: anapenda kupika. Kompyuta ikakataa.

"Sijawahi kupenda kupika," mama alisema bila kinyongo. "Mlikuwa na njaa."

Binti akajaribu hili na lile, yote yakagoma. Ilikubaliwa taarifa moja tu, kwamba ni mama wa mtunza picha, kwa kuwa hiyo haikuwa maneno matupu. Ilielekeza kwenye ukurasa wa binti mwenyewe. Mama akarudi mzima, ilimradi binti awe karibu.

Jioni binti alimsindikiza mama nyumbani. Njiani watu walimwamkia mama vizuri. Binti aliona aibu, akatamani kumuuliza anapenda nini hasa. Simu ikaita. Akamwambia mama atapita Jumamosi, wakae, wazungumze kwa nafasi.

"Haya, mwanangu. Nenda, usichelewe."

Binti alipokata kona, jirani alikuja kuazima kibiriti, akabisha hodi. Ndani mama aliitikia karibu, akaitikia tena, sauti isifike mlangoni. Jirani akasubiri kidogo, kisha akaondoka, akijua hakuna mtu.