Mistari Minne ya Chini

Muuguzi wa macho alikuwa amemngoja yule dereva mwaka mzima, na asubuhi hiyo alipomwona kwenye benchi, kofia mapajani, alifurahi mpaka akajionea haya. Kidogo tu, lakini.

Madereva wenziwe walimwita Chapuchapu, maana lori lake halikuchelewa popote. Mwaka jana, mchana kweupe, lilimgonga mdogo wake muuguzi kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Mguu ukakatwa. Hilo peke yake lingetosha, ila bwana huyu hakutosheka. Akasema binti alijirusha mwenyewe, na kwamba macho yake yeye ni mazima, cheti hiki hapa! Watu wakaamini. Wakanong'ona eti mchumba alimwacha, eti alichoka kuishi. Tangu siku ile mdogo mtu hatoki nje. Ukimwambia twende sokoni, anajibu, "Dada, niende wakanitazame?"

Na cheti chenyewe? Alikitia saini muuguzi. Foleni ilikuwa ndefu, dereva akausoma ubao wa herufi bila kukwama, naye akagonga mhuri. Baadaye ndipo alipojua kwamba madereva hukariri. Anayetoka huwatajia walio kwenye benchi, nao hukaa wakitafuna midomo kama watoto wanaosubiri mtihani. Aibu hiyo hakumwambia mtu, hata mdogo wake. Alimchukia Chapuchapu kwa mguu, akamchukia tena kwa kumfanya bwege.

Cheti hudumu mwaka mmoja, basi leo alikuwa amebandika karatasi nyeupe juu ya mistari minne ya chini ya ubao, na amemwita msimamizi wa madereva asimame mlangoni ashuhudie.

"Funika jicho la kushoto, kaka. Soma minne ya chini tu."

Chapuchapu akakohoa, akaanza. Herufi moja moja, kwa madaha, kama mtangazaji wa redio. Karatasi tupu! Akabadilisha jicho, akasoma tena, hakukosea hata moja.

"Nirudie?"

"Rudia, kaka, rudia." Loo, utamu ulioje!

Msimamizi akaenda ukutani, akaipapasa ile karatasi. "Wee bwana! Unasoma nini hapa?"

Dereva akanywea. Daktari akaitwa, akammulika: mtoto wa jicho, macho yote mawili, na si wa jana wala juzi. "Jicho tunalipasua, tunaweka lenzi, unaona tena. Ulificha ya nini?"

"Wangenitoa kwenye lori, daktari. Nitakula wapi?"

"Na mwaka jana ulipitaje?"

Muuguzi akageukia ubao, akawa anabandua karatasi polepole sana. Dereva akavaa kofia yake. Akaomba arudi nyumbani, macho atayaangalia siku nyingine.

"Huendi popote," muuguzi akamwambia. "Utapasuliwa. Nataka uone vizuri." Akaliandika jina la dereva juu kabisa ya orodha ya upasuaji.

Jicho la kulia lilipasuliwa wiki hiyo hiyo. Siku ya kufungua bandeji, muuguzi alimwita tena msimamizi, akamleta na mdogo wake. Alimbembeleza tangu alfajiri, akamwambia habari za karatasi nyeupe, akamwambia leo utasafishwa jina. Habari za saini aliziruka.

Bandeji ikatoka. Chapuchapu akapepesa, akatazama mikono yake, dirisha, msimamizi. Kisha akamwona binti mwenye magongo, amesimama hatua mbili mbele yake.

"Ulisema nilijirusha," binti akasema. "Haya, nitazame. Sema tena."

Dereva akatazama magongo, akatazama sketi pale mguu ulipokosekana. Akajaribu kuinamisha kichwa.

"Nitazame usoni!"

"Hukujirusha," akasema. "Sikukuona. Sikuona kivuko, sikuona kitu. Nilidanganya."

"Umesikia?" binti akamuuliza msimamizi. "Yaandike hayo. Yote." Msimamizi akatoa kalamu. Muuguzi alitamani kupiga vigelegele.

"Lakini si mimi peke yangu," dereva akaendelea, jicho jipya likichuruzika machozi. "Nilikuja hapa nikiwa sioni, nikapewa cheti. Sauti iliyonipitisha naijua. Ni ya huyu muuguzi aliyekuleta, dada yako."

Muuguzi alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

Mdogo wake akageuka, gongo moja kwanza, kisha la pili. Hakupaza sauti.

"Dada, rudi. Simama hapa kando yake, na wewe nikutazame."